Usubi, Upele na Mapunye: Namna ya Kuutambua Muwasho wa Ngozi na Kuutibu kwa Wakati Wilayani Rungwe

Na Mwandishi Wetu – MAELEZO, Tukuyu

Ngozi ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Kwa mtu mzima, hufunika eneo linalokaribia mita 2 za mraba, huzuia vijidudu kuingia mwilini, hutunza maji na joto, na humwezesha mtu kuhisi moto, baridi na maumivu kabla madhara hayajawa makubwa. Nywele na kucha, ambazo wengi huziona kama pambo tu, ni mazao ya ngozi hiyo hiyo na huugua pamoja nayo. Licha ya umuhimu huo, maradhi ya ngozi ni miongoni mwa yale ambayo wananchi wengi huyavumilia kwa miezi, na pengine kwa miaka, kabla ya kufika katika kituo cha kutolea huduma za afya.

Katika Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, uvumilivu huo una gharama ya pekee. Wilaya hii yenye makao makuu yake mjini Tukuyu, na yenye halmashauri mbili za Rungwe na Busokelo, imejaliwa mvua nyingi, udongo wa volkano wenye rutuba, migomba, chai, parachichi na ng'ombe wa maziwa. Imejaliwa pia mito yenye kasi inayoteremka kutoka milimani kuelekea Ziwa Nyasa, ikiwemo Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mito hiyo ni neema kwa kilimo na kwa utalii, kama wanavyoshuhudia wageni wanaofika kuona Daraja la Mungu na Kijungu katika Mto Kiwira. Hata hivyo, maji hayo yaendayo kasi ndiyo mazalia ya inzi mdogo mweusi aenezaye ugonjwa wa usubi, na ndiyo sababu eneo la Tukuyu linafahamika miongoni mwa wataalamu kuwa mojawapo ya maeneo ya usubi hapa nchini.

Kwa hiyo, mkazi wa Rungwe anayejikuna anaweza kuwa na upele wa kawaida, anaweza kuwa na fangasi, na anaweza kuwa na minyoo ya usubi chini ya ngozi yake. Maradhi hayo matatu hayatibiwi kwa dawa moja, wala hayana madhara yanayolingana. Makala haya yanaeleza namna ya kuyatofautisha, kwa nini dawa ya usubi hugawiwa hata kwa mtu asiyewashwa, na ni hatua zipi zichukuliwe nyumbani kabla ya kufika kwa mtaalamu wa afya.

Usubi: ugonjwa wa ngozi kabla ya kuwa ugonjwa wa macho

Usubi hujulikana pia kwa jina la upofu wa mto, na jina hilo limewafanya watu wengi wauone kuwa ni ugonjwa wa macho peke yake. Ukweli ni kwamba ugonjwa huanzia kwenye ngozi, na kwa wagonjwa wengi ngozi ndiyo inayoteseka kwa muda mrefu zaidi.

Chanzo chake ni mnyoo mwembamba aitwaye Onchocerca volvulus. Inzi jike wa usubi huhitaji damu ili mayai yake yakomae. Anapomuuma mtu mwenye ugonjwa, hufyonza pamoja na damu hiyo viluwiluwi vya minyoo vilivyomo katika ngozi. Viluwiluwi hivyo hukua ndani ya inzi kwa muda wa wiki moja hivi au zaidi, kisha huingia katika mwili wa mtu mwingine pale inzi huyo anapouma tena. Ndani ya mwili wa binadamu, minyoo hukomaa na kuishi katika vinundu vilivyo chini ya ngozi, hasa mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi, kama vile kwenye nyonga, mbavu na magoti. Vinundu hivyo haviumi, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kuishi navyo kwa miaka bila kuvijali.

Mnyoo jike mmoja huweza kuishi miaka 10 hadi 15, na kila siku huzaa viluwiluwi vinavyofikia mamia, hata 1,000. Viluwiluwi hivi husambaa katika ngozi na machoni. Vinapokufa, kinga ya mwili hupambana na mabaki yake, na pambano hilo ndilo linaloleta muwasho mkali, vipele na uvimbe. Mgonjwa hukosa usingizi, hujikuna hadi kujitia vidonda, na mtoto hushindwa kutulia darasani. Miaka inavyopita, ngozi huwa nene, kavu na yenye mikunjo kama ya mjusi; baadaye hulegea kama ya mzee hata kama mhusika bado ni kijana. Kwenye miundi ya miguu, rangi ya ngozi hupotea kwa madoa madoa na kuifanya ifanane na ngozi ya chui. Viluwiluwi vinapoishambulia sehemu ya mbele ya jicho mara kwa mara, kovu hujengeka, na mwisho wake huweza kuwa upofu usioweza kurekebishwa.

Madhara hayo hayaishii hapo. Katika eneo la Mahenge, mkoani Morogoro, ambako usubi umekuwepo kwa muda mrefu, watafiti wamekuwa wakichunguza uhusiano uliopo kati ya maambukizi makali ya usubi na kifafa kinachowapata watoto na vijana. Ndiyo kusema, muwasho unaodharauliwa leo huweza kuwa mwanzo wa matatizo yanayogusa familia nzima.

Kwa nini chandarua hakitoshi

Wananchi wengi wameelimishwa vyema kuhusu mbu, hivyo hudhani kwamba kinga ya malaria inafaa pia kwa usubi. Tofauti ni kubwa. Mbu wa malaria huzaliana katika maji yaliyotuama na huuma usiku. Inzi wa usubi huzaliana katika maji yaendayo kasi yenye hewa nyingi, ambako mabuu yake hujishikiza kwenye mawe na majani yaliyozama, naye huuma mchana. Mtu huumwa akiwa shambani, akichota maji, akifua, akivua samaki au akichunga mifugo. Chandarua cha kulalia hakimsaidii kwa wakati huo. Aidha, inzi huyu anaweza kuruka umbali wa kilomita nyingi kutoka mtoni, kwa hiyo kaya iliyo mbali na mto haina uhakika wa kuwa salama.

Suruali ndefu, soksi, viatu vya kufunika na mikono mirefu hupunguza kuumwa, kwa sababu inzi huyu hupendelea zaidi sehemu za chini za miguu. Hata hivyo, mkulima hawezi kuukimbia mto wala kuliacha shamba lake. Ndiyo maana nguzo kuu ya kuudhibiti ugonjwa huu ni dawa inayomezwa na jamii nzima.

Dawa inayomezwa hata na asiyewashwa

Dawa hiyo ni ivermectin, maarufu kwa jina la Mectizan. Tangu mwaka 1987, kampuni ya Merck ya Marekani imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya nchi zenye usubi, kwa ahadi ya kuendelea kufanya hivyo kwa kadiri itakavyohitajika. Umuhimu wa dawa hii ulitambuliwa duniani mwaka 2015, pale wanasayansi William Campbell na Satoshi Ōmura walipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa ugunduzi ulioiwezesha kupatikana.

Katika eneo la Tukuyu, ugawaji wa dawa hii kwa kushirikisha jamii umekuwa ukifanyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Utaratibu wake ni rahisi na umebuniwa ili usimlazimu mwananchi kusafiri. Mgawa dawa, ambaye ni mkazi wa kijiji hicho hicho aliyechaguliwa na wenzake na kupewa mafunzo, huandikisha watu wa kila kaya na kuwapima kimo kwa kutumia fimbo maalumu yenye alama. Kimo ndicho kinachoamua idadi ya vidonge: mwenye sentimita 90 hadi 119 humeza kidonge 1, sentimita 120 hadi 140 vidonge 2, sentimita 141 hadi 158 vidonge 3, na mwenye sentimita 159 au zaidi vidonge 4. Fimbo hutumika badala ya mizani kwa kuwa ni nyepesi kubeba, haiharibiki, na kimo cha mtu hutoa makadirio mazuri ya uzito wake.

Yapo makundi ambayo hayapewi dawa wakati wa ugawaji. Haya ni watoto walio chini ya umri wa miaka 5 au walio chini ya sentimita 90, wajawazito, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja iliyopita, na wagonjwa mahututi. Wote hao hustahili kupewa dawa baadaye, pindi sababu iliyowazuia inapoondoka.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: kwa nini mtu ameze dawa kila mwaka, tena ikiwa hana muwasho wowote? Jibu limo katika namna dawa inavyofanya kazi. Ivermectin huua viluwiluwi vilivyomo katika ngozi na humzuia mnyoo jike kuzaa kwa miezi kadhaa, lakini haimuui mnyoo mkubwa. Baada ya muda, mnyoo huyo huanza kuzaa tena. Kwa kuwa mnyoo huweza kuishi hadi miaka 15, jamii hulazimika kuendelea kumeza dawa kwa miaka mingi mfululizo hadi minyoo mikubwa ife kwa uzee wake bila kuacha kizazi. Anayeacha baada ya kupata nafuu huwa ameondoa dalili na kukiacha chanzo.

Mtu asiyewashwa naye anaweza kuwa na viluwiluwi katika ngozi yake, na inzi akimuuma atavibeba kwenda kwa jirani. Ndiyo sababu lengo ni kuwafikia angalau asilimia 80 ya watu wote wanaostahili. Kaya chache zinazokataa zinaweza kuuweka hai ugonjwa ambao kijiji kizima kimejitahidi kuutokomeza.

Sababu mojawapo ya watu kukataa ni maudhi yanayojitokeza baada ya kumeza dawa: muwasho kuongezeka, kuvimba uso au viungo, homa na maumivu ya misuli. Kwa kawaida hali hiyo hudumu kwa siku chache na hutokana na viluwiluwi vingi kufa kwa pamoja. Mara nyingi ni ishara kwamba viluwiluwi vilikuwemo. Anayepata maudhi makali, kama vile kizunguzungu kikubwa, kupumua kwa shida au kuchanganyikiwa, anapaswa kufikishwa mara moja katika kituo cha afya. Anayepata maudhi madogo anapaswa kumjulisha mgawa dawa, na kwa kawaida maudhi hayo hupungua katika miaka inayofuata kadiri viluwiluwi vinavyopungua mwilini.

Matunda ya kazi hii yanaonekana. Maambukizi katika eneo la Tukuyu yamepungua sana ikilinganishwa na hali ilivyokuwa kabla ya ugawaji kuanza. Hata hivyo, kupungua si kutokomea. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2016, ugawaji wa dawa unaweza kusitishwa pale tu vipimo vya damu kwa watoto walio chini ya miaka 10 vinapoonesha kwamba waliopata maambukizi ni chini ya mtoto 1 kati ya 1,000, na uchunguzi wa inzi unapothibitisha kuwa hawabebi tena viluwiluwi vinavyoambukiza. Watoto ndio wanaopimwa kwa kuwa wao wamezaliwa ndani ya kipindi cha ugawaji. Wakikutwa na maambukizi, ina maana inzi bado wanaeneza ugonjwa. Kwamba lengo hilo linafikika, Niger imeonesha: Januari 2025 ilitambuliwa na WHO kuwa nchi ya kwanza barani Afrika kutokomeza usubi.

Upele: muwasho wa usiku

Upele husababishwa na kidudu kidogo mno kinachochimba vijia katika tabaka la juu la ngozi na kutaga mayai humo. Huenea kwa kugusana ngozi kwa ngozi kwa muda, hasa kwa watu wanaolala kitanda kimoja. Katika miinuko ya Rungwe, ambako baridi ya usiku huwafanya watoto kulala pamoja chini ya blanketi moja, kaya nzima inaweza kuambukizwa ndani ya wiki chache.

Zipo dalili zinazosaidia kuutofautisha na usubi. Muwasho wa upele huzidi usiku. Vipele hujitokeza katikati ya vidole vya mikono, kwenye vifundo vya mikono, viwiko, makwapa, kiunoni, makalioni na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga huweza kufika hata kwenye viganja, nyayo na kichwani. Dalili kubwa kuliko zote ni kwamba zaidi ya mtu mmoja nyumbani huwashwa kwa wakati mmoja. Muwasho wa usubi, kwa upande wake, hudumu kwa miaka, huambatana na vinundu au madoa ya miundini, na haufuati mpangilio wa vidole.

Upele hutibika. Kosa linaloufanya urudi ni kumtibu mtoto mmoja na kuwaacha wengine. Wote wanaoishi katika nyumba hiyo wanapaswa kupakwa dawa siku ile ile, wawe wanawashwa au la, kuanzia shingoni hadi nyayoni, kwa kufuata maelekezo ya mtaalamu. Mashuka, blanketi na nguo zilizovaliwa siku za karibuni zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Visivyofulika vifungwe ndani ya mfuko kwa siku kadhaa. Ni vyema ikafahamika pia kwamba muwasho unaweza kuendelea kwa wiki 2 hadi 4 baada ya vidudu kufa. Hali hiyo si sababu ya kuendelea kujipaka dawa kila siku, kwa kuwa dawa yenyewe ikizidi huunguza ngozi. Ivermectin inayomezwa kwa ajili ya usubi hupunguza pia vidudu vya upele, chawa na baadhi ya minyoo ya tumbo, na hiyo ni faida ya ziada kwa jamii inayoimeza.

Fangasi za mwili, nywele na kucha

Fangasi hupenda unyevu, na Rungwe haina upungufu wa unyevu. Mchuma chai anayeshinda na gambuti kutwa nzima, mfugaji anayekanyaga tope la zizi na mwanafunzi anayetembea kwa viatu vilivyolowa wote wamo hatarini. Ngozi ya katikati ya vidole vya miguu hugeuka nyeupe, hulainika, hupasuka na kuwasha. Dawa ya kupaka husaidia, lakini haitazuia ugonjwa kurudi endapo miguu haikaushwi. Gambuti zikaushwe kila jioni, soksi zibadilishwe kila siku, na vidole vifutwe vizuri kimoja kimoja baada ya kuoga.

Kwenye mwili, fangasi hujitokeza kama duara lenye ukingo ulioinuka na sehemu ya kati iliyo afadhali. Wengi huita mashilingi au choa. Kichwani, hasa kwa watoto, huitwa mapunye. Nywele hukatika na kuacha mabaka yenye magamba. Hapa ndipo wazazi wengi hupoteza fedha, kwa kuwa fangasi wa mapunye hukaa ndani ya unywele na katika shina lake, mahali ambapo mafuta ya kupaka hayafiki. Mtoto mwenye mapunye huhitaji dawa ya kumeza, kama vile griseofulvin, kwa wiki 6 hadi 8 kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Mashine, vitana na kofia visitumiwe kwa pamoja, na vinyozi wanapaswa kusafisha na kutakasa mashine baada ya kila mteja.

Si kila kupotea kwa nywele ni mapunye. Kusuka kwa kubana sana, na kurudia mtindo huo kwa miaka, huvuta mashina ya nywele hadi yakafa, hasa pembezoni mwa paji la uso. Nywele zikianza kupungua hapo, kulegeza misuko mapema huziokoa. Kovu likishajengeka hazioti tena.

Kucha zenye fangasi hugeuka za manjano au kahawia, huwa nene na humomonyoka. Matibabu yake huhitaji subira kwa sababu ukucha hukua polepole: wa mkononi huchukua takribani miezi 6 kukua wote, na ule wa dole gumba la mguu huchukua miezi 12 hadi 18. Hivyo, hata dawa ikifanya kazi vyema, sura ya ukucha itachelewa kubadilika.

Funza: mdudu mdogo, madhara makubwa

Funza ni aina ya kiroboto ambaye jike wake hujichimbia katika ngozi ya miguu, hasa pembeni mwa kucha na kwenye kisigino, kisha hufura kwa mayai. Asili yake ni bara la Amerika. Aliingia Afrika kupitia pwani ya Angola mwaka 1872 na kuenea hadi Afrika Mashariki kwa kufuata misafara ya watu. Hukaa katika vumbi la sakafu za udongo na maeneo wanakolala wanyama.

Hatari kubwa hutokana na namna anavyoondolewa. Pini, mwiba au wembe unaotumiwa na watu wengi huweza kuhamisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na kidonda kilichoachwa wazi huweza kuingiza vijidudu vya pepopunda. Anayehitaji kuondolewa funza afike kituo cha afya, au atumie kifaa kisafi kisichoshirikiwa, kisha aoshe kidonda kwa maji na sabuni. Kumwagilia maji na kufagia sakafu ya udongo kila siku, kuosha miguu na kuvaa viatu hupunguza tatizo hili. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Usemi huo unafaa zaidi kwa mwenye kisukari, ambaye jeraha dogo la mguu huweza kumfikisha kwenye kukatwa kiungo.

Majeraha ya moto na ya zana

Katika nyumba nyingi za Rungwe, moto hauwashwi kwa ajili ya kupikia tu, bali pia kwa ajili ya kuota. Watoto hukaa karibu na mafiga, na sufuria za maziwa au chai huwekwa chini. Mtu akiungua, jambo la kwanza ni kumwagilia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Maji hayo huondoa joto linaloendelea kuichoma ngozi ya ndani. Dawa ya meno, mafuta, mayai, majivu na samli havipaswi kupakwa, kwa kuwa huhifadhi joto na huingiza vijidudu. Malengelenge yasipasuliwe. Sehemu hiyo ifunikwe kwa kitambaa kisafi, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya iwapo jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, liko usoni, mikononi au sehemu za siri, au aliyeungua ni mtoto mdogo.

Aliyejikata kwa panga au jembe akandamize jeraha kwa kitambaa kisafi hadi damu ikome, alioshe kwa maji mengi na sabuni, na afike zahanati kuangaliwa kama anahitaji kushonwa na kupewa chanjo ya pepopunda.

Jua la milimani na vipodozi vyenye sumu

Mji wa Tukuyu uko katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ubaridi wake huwafanya watu waamini kwamba jua la hapa halina madhara, lakini miale inayounguza ngozi huongezeka kadiri mtu anavyopanda juu, na sehemu yake hupenya hata mawingu. Kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kuwakinga, mazoea hayo ni hatari kwa kuwa saratani ya ngozi huweza kuwapata wakiwa bado vijana. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu na mafuta ya kinga ya jua ni mahitaji ya kila siku kwao. Mafuta hayo hutengenezwa pia hapa nchini, katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako tangu mwaka 1992 kipo kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi.

Wakati wenye ualbino wakiitafuta kinga, wapo wanaoiondoa kwa hiari yao. Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi kali huchubua ngozi, huifanya iwe nyembamba, huacha michirizi na madoa meusi, na zebaki huweza kuharibu figo. Kwa sasa, vipodozi nchini husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), jukumu lililohamishiwa kwake mwaka 2019. Tahadhari hii inahusu pia krimu zenye steroidi zinazonunuliwa bila ushauri kwa ajili ya muwasho. Krimu hiyo hutuliza muwasho kwa siku chache huku ikiwapa fangasi nafasi ya kusambaa, na mgonjwa anapofika hospitali, dalili zimekwisha kubadilika kiasi cha kumpa shida hata mtaalamu.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Zipo dalili chache za ngozi ambazo hazitakiwi kusubiri. Baka lililopauka au jekundu lisilohisi mguso huweza kuwa ukoma, ugonjwa ambao dawa zake hutolewa bure na hutibika kabisa kwa miezi 6 au 12, lakini ukichelewa huacha ulemavu. Malengelenge yenye maumivu yanayofuata mstari upande mmoja wa mwili, yaani mkanda wa jeshi, humtaka mhusika apate matibabu mapema na pia apime virusi vya UKIMWI. Kidonda kisichopona kwa muda mrefu kichunguzwe. Mstari au doa jeusi linaloongezeka chini ya ukucha mmoja, au kwenye unyayo, lichunguzwe vilevile. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, aliugua saratani iliyoanzia chini ya ukucha wa dole la mguu, na awali ilidhaniwa kuwa ni jeraha la mpira.

Dalili hizo zinaanza kushughulikiwa katika zahanati iliyo karibu. Inapolazimu, mgonjwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Rungwe, Makandana, mjini Tukuyu, na kutoka hapo kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Serikali, kupitia Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele ulio chini ya Wizara ya Afya, inaendelea kuhakikisha kuwa dawa ya usubi inawafikia wananchi bila malipo. Sehemu iliyobaki ni ya kaya yenyewe: kuwepo siku ya ugawaji, kusimama kwenye fimbo, kumeza vidonge mbele ya mgawa dawa, na kumkumbusha jirani ambaye mwaka uliopita alikuwa mjamzito, mgonjwa au safarini. Mtoto atakayezaliwa leo kando ya Mto Kiwira ndiye atakayepimwa damu kabla hajatimiza miaka 10, na majibu yake ndiyo yatakayoonesha kama wakubwa wake walimeza dawa.